Nangoja Ndege Tu

Mtu wa boda alikuwa anapiga honi langoni, lakini kaka yangu Javan hakuinuka mpaka amalize zamu yake. Alisukuma nyambizi yake, ambayo ni haragwe jekundu, ikaingia chini ya meli yangu kubwa.

"Hapo umekwisha," akasema. "Nangoja ndege tu."

Katika mchezo wetu nyambizi ni kipofu. Lazima ndege ipite juu ya meli kwanza, ndio nyambizi ipige. Na tulipokuwa wadogo, Mama alitoa sheria ya kutunyamazisha: ndege yetu ya plastiki haisogei mpaka ndege ya kweli ipite juu ya nyumba. Kwetu Kapseret ni karibu na uwanja wa ndege, kwa hivyo tulingoja. Alasiri nzima tulikuwa tukikaa kimya, shingo juu, kama kuku walioona mwewe.

Javan akabeba begi lake la kwenda kazi Qatar. "Na usiniibie, wewe!"

Ilikuwa zamu yangu. Ningeweza kuihamisha ile meli. Nilikaa tu, nikaiangalia, mpaka mabati yakaanza kutetemeka.

Ndege ya Nairobi ikapita juu yetu, na yeye ndani.

Sheria ni sheria. Nikachukua ndege yake ya plastiki, ile yenye alama za meno yake ya utotoni kwenye bawa, nikaiweka juu ya meli yangu. Kisha nikalisogeza haragwe lake, likaipiga.

"Nani amezama?" Mama akauliza kutoka jikoni, kama zamani.

"Ni mimi, Mama."