Gari Lisilopoa

Mzee Kashindye alifunga koti hadi kidevuni, mvuke ukimtoka mdomoni, akalalamika kwamba AC ya gari lake haipoozi.

"Tena?" Mama Tusajigwe, fundi, aliinua uso. "Baridi yote hii ya Mbalizi haikutoshi, mzee wangu?"

"Siku nikienda Ubaruku kwa binti yangu, joto la kule litanichemsha."

"Safari hiyo naisikia tangu masika!"

Mama akacheka, na mzee akacheka. Tangu mkewe afariki, hakuwa na mahali pengine pa kuchekea.

Gari lilikuwa kuukuu, la enzi za gesi ya AC ambayo haiuzwi tena. Mama Tusajigwe ndiye aliyeligeuza litumie gesi mpya: alisafisha mabomba, akabadilisha mafuta ya kompresa na mipira yote. Kazi ilikuwa safi. Lakini haukupita muda, waya wa kompresa ukachomoka. Tangu hapo ukawa ndio mtindo wake. Kila ulipochomoka mzee alirudi, chai ikachemshwa, na maongezi yakanoga hadi gereji za jirani zikafungwa.

Leo fundi aliurudisha waya, akaukaza kwa kifungo cha plastiki, kisha akawasha injini. Ubaridi ukampuliza mzee usoni.

"Hapo hauchomoki hata ukipita kwenye makorongo," fundi alisema. "Sasa utanisahau."

"Asante, mama," mzee alijibu.

"Haya, kamimine chai. Ngoja nikague mara ya mwisho."

Akaiinamia tena injini. Mzee akaenda mezani. Vikombe viwili vilikuwa vimekwisha kupangwa, ingawa hakuwa ametoa taarifa kwamba anakuja.

Wakanywa, wakaagana.

Mzee akaendesha hadi nyumbani bila kuwasha AC. Kwa kweli, hakuwahi kuiwasha barabarani hata siku moja. Sebuleni viti vilimzunguka vitupu. Wiki nzima hakuna aliyebisha hodi.

Jumamosi asubuhi alichukua plaizi ya kukatia kile kifungo, akafunua boneti, akapeleka mkono palepale alipozoea kuuchomoa waya.

Kifungo kilikuwa kimekwisha kukatwa. Waya ulining'inia, na ncha yake ilikuwa imeviringishwa utepe, kwa uangalifu wa mkono wa fundi, isije ikaingia maji.