Mashina ya Pareto

Sekela alikuwa amechoka hata kulia hawezi. Mumewe alikuwa ameleta mke mwingine nyumbani, na asubuhi hiyo yeye alikuwa anarudi kwao. Kabla ya kuondoka aliingia shambani na jembe, akang'oa shina moja la pareto alilolipanda mwenyewe, akaanza kulipasua vipande kwa mikono.

Mama mkwe wake alimkuta amechuchumaa kwenye ukungu.

"Unabeba mbegu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu kuna joto, mwanangu. Pareto isipopata baridi inaota majani tu, maua huyaoni."

"Najua. Lakini sitaki kutoka hapa mikono mitupu."

Mama mkwe alipiga magoti taratibu, akiugulia kiuno, akachagua vipande vyenye mizizi mingi, akapunguza majani na kuvipaka tope. Kisha akavua kanga yake ya begani, akavifunga humo.

"Dada yangu anaishi peke yake kule juu mlimani. Kule baridi ipo. Mwambie mimi ndiye nimekutuma."

Kutoka nyumbani mwanawe, mume wa Sekela, aliita, akiulizia chai. Mama aligeuka akatazama upande wa sauti, halafu akazamisha tena vidole udongoni, akaanza kulegeza shina jingine.