Mikono ya Anayemsaidia

Nilikuwa nimeshamwambia daktari hapana, na nimechoka kurudia. Moyo wa mgonjwa wetu, Kankindi, ulikuwa unashindwa kuibeba ile mimba. Ilibidi itolewe, karatasi zilikuwa na saini zote, lakini dini yangu hairuhusu. Nikavua glavu, nikatoka.

Muuguzi mwenzangu alikuwa amekataa kabla yangu. Ambulansi ya kwenda Bujumbura haikuwa na mafuta ya esansi tangu Jumatatu.

"Dada, rudi," daktari akaniita. "Si kwa kazi. Mgonjwa hataki nianze bila maombi."

Hapa kwetu Rumonge haguswi mgonjwa mezani kabla ya kuombewa, na kwa miaka kumi na moja anayeomba ni mimi.

Kankindi alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Akanishika mkono. Anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kule ufukweni, na magamba madogo yalikuwa bado yamemganda vidoleni.

"Niombee tu, mama," akasema. "Niko na batoto wane nyumbani."

Nikafumba macho. Sala hiyo naijua kama jina langu. Ee Bwana, bariki mikono ya daktari. Bariki na mikono ya anayemsaidia.

Hapo nikakwama. Nikafumbua macho. Daktari alikuwa peke yake, ameinamisha kichwa, na kando ya sahani ya vyombo vya upasuaji hapakuwa na mtu.

Kankindi alidhani nimemaliza.

"Amina," akasema, akauachia mkono wangu.