Mwaridi wa Mara Moja

Mwanawe alikuwa tayari ameinua jembe juu mama alipolishika shina la mwaridi wake kwa mkono mtupu.

"Mama, miiba!" alimaka mwanawe.

"Inanijua kuliko unavyonijua wewe."

Hakuachia. Damu ikachirizika kiganjani, ikateremka polepole mpaka kwenye kiwiko. Kando yao, ndani ya ndoo, miche mipya ya dukani ilikuwa imejaa maua mekundu ya kung'aa, yasiyo na harufu hata chembe.

"Hii ya kisasa inachanua mwaka mzima," mwanawe alimbembeleza. "Huu wako ukitoa maua wiki mbili, ndiyo basi mpaka mwakani. Mti wa mara moja una faida gani, Mama?"

Mama akacheka kicheko kikavu.

"Shangazi zako walimuuliza baba yako hivyo hivyo, ulipoanza shule bila mdogo wa kukufuata. 'Mke wa kuzaa mara moja ana faida gani? Mng'oe, ulete mwingine.' Baba yako akawafukuza, kisha akachukua jembe hilo hilo akanipandia mwaridi huu."

Mwanawe akautazama mpini.

"Haya, wewe wa mara moja," mama alisema, akizidi kukaza mkono. "Piga."