Diski ya Ghala la Asali

Tone. Kimya. Tone.

Umeme ulikuwa umekatika. Recheli, aliyekuwa ametoka darasa la jioni la kompyuta pale parokiani, alipapasa ukuta mpaka mkono wake ukagusa kitu kimelowa chepechepe nyuma ya mlango. Shati la mumewe, likichuruza maji.

"Mtoto kanitapikia," Justus alisema gizani. "Nimelifua."

Recheli akamshukuru Mungu kwa kumpa mume wa namna hiyo. Hata viatu hajavua, mwano ukalia. Mwano ni ukelele wa hatari, na ukipigwa hapo Usinge kila mwanamume hutoka mbio na rungu lake. Justus hakutoka. Alibaki amempakata Spesioza, mwili wa mtoto ukiwaka homa.

Hilo ndilo lililomponza. Mathias, mwenye ghala la asali, alikutwa amekatwakatwa kwa shoka. Kulipokucha sungusungu wakauliza neno moja tu: nani hakuitika mwano?

Wakamfunga Justus kwenye nguzo ya ghala hilohilo alimokuwa akifanya kazi. Fimbo zikamshukia mpaka jicho moja likazibwa na damu. Nassibu, kamanda wao, alikuwa ameshika dumu la petroli.

Recheli akaanguka magotini, mtoto mgongoni. "Shikamoo, kamanda. Nakuomba kwa jina la Mungu. Ghalani mna kamera, na picha zake huingia kwenye diski. Niacheni niifungue, mumwone muuaji kwa macho yenu."

"Marahaba, Mama Spe. Fungua. Diski ikisema si yeye, kamba hizi nazikata mwenyewe. Isiposema kitu..." Akalitikisa dumu. Likacheza, chubwi, chubwi.

Umeme ulikuwa umerudi. Recheli akaingia ghalani, akamketisha Spesioza juu ya gunia la nta, akaiwasha kompyuta ya marehemu. Taa ya diski ikawaka. Ikaunguruma vizuri tu, lakini ilipofunguka, tupu. Hakuna faili hata la dawa. Akabadilisha waya. Tupu. Akaichomeka tundu jingine, akazima, akawasha. Tupu.

"Wewe fundi!" kijana mmoja akamcheka dirishani. "Mumeo kapigwa jua vya kutosha. Tumwashie?"

Huko nje rungu likatua, mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Mama Spe!" Justus akapaza sauti. "Iache hiyo diski! Waache waniue tu!"

Machozi yakamtoka Recheli. Hata saa hii ananionea huruma mimi, aliwaza. Akatazama nafasi iliyotumika kwenye diski ile. Moyo ukamruka.

Diski ilikuwa karibu kujaa.

Tupu, na imejaa! Lile lilikuwa somo lao la juzijuzi. Alilirudia nyumbani na Justus, bega kwa bega, wakizificha picha za harusi yao na kuzifichua tena, wakicheka kama watoto. "Kilichofutwa mafundi hukirudisha," alimwambia, akimwiga mwalimu. "Kilichofichwa, nani atakitafuta?" Justus akaomba amwonyeshe mara ya pili.

"Zipo!" Recheli akapiga kelele. "Kamanda, picha zipo! Muuaji kazificha!"

Akabonyeza palipoandikwa onyesha vilivyofichwa. Mafaili yakamiminika kwenye skrini kama nyuki waliochokozwa mzingani. Akalichagua la jana jioni, akaibonyeza picha ianze, kisha akaigeuza kompyuta iwaelekee wanaume waliosongamana mlangoni.

"Tazameni wenyewe!"

Yeye hakungoja kutazama. Alikimbilia dirishani, akauona uso uliovimba pale nguzoni.

"Umepona, mume wangu! Justus, umepona!"

Justus akafumba lile jicho lake moja lililobaki.

Nyuma ya Recheli, ndani ya ghala, mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Recheli akageuka, tabasamu bado liko usoni, akamwona Nassibu akiliinua dumu polepole. Spesioza, aliyekuwa karibu na skrini kuliko wote, alinyoosha kidole.

"Mama, huyo ni baba."