Mtihani wa 1,234,321

"Sifa tatu, fundi. Ukishindwa, mlango ule pale, na mke huna."

Mwalimu wa hesabu akageuza kalenda kuukuu ukutani, na nyuma yake fundi vigae akaiona: 1,234,321, kwa wino mwekundu. Lo! Mwezi mzima alikuwa amejiandaa kuulizwa kipato chake, ukoo wake, hata afya yake. Kumbe namba!

"Mwalimu, mimi nimekuja kuposa."

"Najua. Tuliye naye ni mmoja tu, hatutapata mwingine. Hatumtoi kwa mtu asiyefikiri." Pembeni kaka wa mwalimu, dereva wa lori, alikuwa amekunja mikono na kununa kama aliyeonja ndimu. "Wawili wameshakuja," mwalimu akaongeza. "Wa mwisho aliomba kwenda chooni, akatorokea dirishani."

Nyuma ya pazia la jikoni mtu akacheka, kwi kwi kwi. Fundi akakijua kicheko, moyo ukamruka. Kwa kicheko kile angeitafuna kalenda nzima na msumari wake.

Akavaa miwani. "Ni witiri. Haigawanyiki kwa mbili."

"Hiyo hata paka wetu anaijua," dereva akasema.

"Mbele kwa nyuma inasomeka vilevile."

"Mbili hizo. Sasa niambie, ni namba tasa, au ipo namba inayoigawa bila kubaki kitu?"

Hapo jasho likamtoka. Akajaribu tatu, ikagoma. Akajaribu saba, ikagoma. Pazia likatikisika.

"Usimnong'oneze!" mwalimu akafoka.

Fundi akainamisha kichwa kwa aibu, macho yakatua sakafuni, kwenye vigae alivyovipanga kwa mikono yake mwaka jana. Ala!

Chumba cha vigae kumi na moja kwa kumi na moja hula vigae 121. Ukumbi mmoja aliowahi kuutandika, wa 111 kwa 111, ulikula 12,321. Alivibeba mwenyewe mpaka kiuno kikasema basi. Tarakimu zilikuwa zikipanda na kushuka vilevile!

"Si tasa!" akapiga kelele, na hakujua amepandaje juu ya kiti. "Ni sakafu ya mraba! Vigae 1,111 huku, 1,111 huku, na hakikatwi hata kimoja!"

Mwalimu akazidisha kwenye karatasi. Akazidisha tena. Dereva akachungulia, mikono ikakunjuka yenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Amepata," mwalimu akasema, machozi ya furaha yakimlengalenga. Akageukia jikoni, akapaza sauti:

"Mama, toka nyuma ya pazia! Tumekuoza!"