Sketi Inayokaa Upande

Fundi alifumua upindo wa sketi ya binti yake kwa mara nyingine tena, akapima upya, akashona, akapiga pasi. Binti akaivaa. Sketi ikakaa upande.

"Mama, umekosea tena!" binti alipaza sauti, na wateja waliokuwa wakisubiri mlangoni wakageuka.

Fundi aliinama akajifanya anatafuta pini. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Miaka yote hiyo kwenye cherehani, nguo za watu zinamtoka mkononi zimenyooka, halafu za mwanawe wa kumzaa, loo, upande mmoja unafagia goti na mwingine umepanda juu! Na si sketi tu. Blauzi nazo ziliporomoka bega la kushoto. Tangu binti aanze kurefuka, nguo zikimkataa kabla hazijachakaa, kila alichomshonea kilikaa vizuri siku chache kisha kikaenda kombo. Fundi anapunguza huku, anaongeza kule, anasawazisha. Haupiti muda, kazi inaanza upya.

Na kumpima kwenyewe kulikuwa vita. Binti alikataa katakata kuvua sweta. "Nipime hivi hivi, mama. Mimi si mtoto tena." Fundi alijua fika kwamba hakuna fundi mwenye akili zake anayepima mtu juu ya sweta. Lakini wasichana wa umri ule wana haya zao, akamwachia.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno ya mtaani. Mtu fulani alikuwa amevumisha kwamba macho ya Fundi yameharibika. Fundi hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Jirani na kibanda chake kulikuwa na fundi mwenzake, Bi Pasi, aliyepewa jina hilo kwa sababu nguo haikutoka kwake bila kunyooshwa ikanyooka kweli kweli. Wawili hao hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Uvumi ukafika hadi shuleni. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amemwahidi Fundi kazi ya sare za wanafunzi wapya, akaja mwenyewe na uso wa huruma.

"Mama, tumesikia habari za macho. Pole sana. Sare tutampa Bi Pasi, wewe upumzike."

Fundi alicheka ili asilie. Siku hiyo hiyo akatafuta miwani. Haikusaidia kitu.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya sherehe ya kufunga shule. Kesho yake binti angepanda jukwaani kupokea zawadi ya hesabu, mbele ya wazazi wote, na sketi bado inakaa upande. Watu wangemwona mtoto, wamwone na fundi wake. Fundi akapiga moyo konde. Akaikunja sketi, akamshika binti mkono.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Bi Pasi."

Binti alikita miguu njiani. "Mama, acha! Nitavaa hivi hivi. Turudi nyumbani, nakuomba."

"Anayeaibika ni mimi, si wewe. Tembea."

Bi Pasi alikuwa anakata kitambaa. Fundi alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Dada," alisema, "mkono wangu umenikataa. Nishonee mtoto."

Alisubiri kejeli. Haikuja. Bi Pasi aliitandaza ile sketi mezani, akaitazama, akakunja uso.

"Hii umeikata wewe? Mbona upande mmoja umezidi mwenzake vidole viwili?"

"Nimesawazisha. Ikikatwa hivyo, akivaa, angalau inakaribia kunyooka."

Bi Pasi akaweka mkasi chini. Alimtazama binti kwa muda, kisha akaenda akafunga mlango.

"Vua sweta, mwanangu."

"Nasikia baridi."

Pasi ya mkaa ilikuwa inawaka pale pembeni, na wote watatu walikuwa wanatiririka jasho.

"Vua tu. Hapa ni sisi kwa sisi."

Binti alivua, akabaki na shimizi, mikono kaikunja kifuani.

"Sasa inama. Kama unaokota kitu."

Akainama. Upande wa kulia wa mgongo ukainuka, mbavu zikatuna, na wa kushoto ukabonyea. Uti wa mgongo haukushuka moja kwa moja. Ulikwenda kulia, kisha ukarudi kushoto, hata kwenye shimizi ulionekana wazi.

Fundi akasogea karibu. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inapunguza huku na kuongeza kule, kila mtoto akikua, inauficha mgongo ule usionekane. Mama mzima, fundi mzima! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mpeleke hospitali upesi," Bi Pasi alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto bado anakua, na huku kupinda kunakua naye."

"Dada, nilikuchukia bure," Fundi alisema, machozi yakimlengalenga. "Ulivyotangaza kwamba macho yangu yameharibika, kumbe ulisema kweli."

"Mimi?" Bi Pasi aliduwaa. "Mimi nimesikia kwa watu, kama wewe."

Binti alikuwa bado ameinama, hataki kuinua uso.

"Ni mimi niliyewaambia, mama," alisema. "Nilitaka wacheke mshono wako, wasiuone mgongo wangu."